Moto na Kimea: Sayansi ya Kupika Pombe ya Nafaka

Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki msichana hujifunza kupika pombe kwa kumtazama mama yake au bibi yake. Hutazama kwa miaka kabla ya kuachiwa chungu chake mwenyewe, na siku anapoachiwa ndiyo siku ya mtihani. Chukua mfano wa binti anayepika kwa mara ya kwanza. Uji wake wa mtama umeiva na unatokota. Kimea cha ulezi kimekwisha kusagwa na kipo tayari kwenye ungo. Kwa kuwa anataka kazi iishe kabla jua halijatua, anamimina kimea chote ndani ya uji uleule unaochemka, anakoroga, kisha anafunika. Asubuhi anafunua chungu na kukuta uji ungali mzito kama alivyouacha. Hauna utamu wala hautoi povu. Bibi yake anaonja, anatikisa kichwa na kumwambia: "Umekiua kimea, mjukuu wangu. Uji ulikuwa haujapoa."

Nafaka iliyoharibika katika chungu hicho ingeweza kuwalisha watoto kwa siku kadhaa. Lakini bibi amesema kweli, tena kweli ya kisayansi, hata kama hakuwahi kuingia katika maabara. Je, katika kimea kuna kitu gani kinachoweza kufa? Na mbona moto uleule ulioivisha uji ndio ulioharibu pombe?

Makala haya yanajibu maswali hayo. Hayakusudii kuhimiza ulevi, ambao madhara yake kwa afya na kwa nyumba yanajulikana na kila mtu. Msomaji ambaye dini au desturi yake inamkataza pombe atanufaika vilevile, kwani togwa, uji wa watoto na mkate hufuata sehemu kubwa ya kanuni zizo hizo. Jambo kubwa la kukumbuka ni moja: katika upikaji wa pombe, moto ni mtumishi mwenye wakati wake. Kuna hatua ambayo bila moto kazi haiendi. Kuna hatua ambayo moto huharibu kila kitu. Na kuna hatari ambayo moto, hata uwe mkali namna gani, hauwezi kuiondoa.

GHALA LA WANGA

Punje ya mtama, ulezi au mahindi ni mbegu. Ndani yake mna sehemu ndogo iliyo hai, yaani kiinitete, ambacho ndicho mmea mchanga wa kesho. Sehemu kubwa iliyobaki ni ghala la chakula cha mmea huo, na chakula chenyewe zaidi ni wanga.

Wanga ni mnyororo mrefu wa molekuli za sukari iitwayo glukosi zilizoungana moja kwa moja, mamia na maelfu. Mnyororo huo hauna utamu ulimini, na hamira, yaani kile kijidudu kinachotengeneza kileo, haiwezi kuula. Hamira hula sukari tu. Kwa hiyo swali la kwanza la kila mpikaji wa pombe ya nafaka, ajue au asijue, ni hili: mnyororo wa wanga utakatwaje hadi kuwa sukari?

Mataifa mbalimbali yamelijibu swali hilo kwa njia mbalimbali. Wajapani, wanapotengeneza sake kwa mchele, hutumia aina ya kuvu wanayoiotesha juu ya mchele uliopikwa. Katika milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ilikuwapo desturi ya kutafuna mahindi, kwa sababu mate ya binadamu nayo yana uwezo wa kukata wanga. Afrika na Ulaya zimefuata njia ya tatu, nayo ni kuiotesha mbegu yenyewe.

Pombe za ndizi, kama lubisi ya Kagera na urwagwa wa Rwanda na Burundi, zina njia fupi zaidi. Ndizi inapoiva hugeuza wanga wake kuwa sukari pasipo msaada wa mtu. Ndiyo maana ndizi mbichi haina utamu na ndizi mbivu ni tamu. Mbege ya Wachagga imeunganisha njia zote mbili: sukari yake nyingi hutoka katika ndizi mbivu, kisha huongezwa kimea cha ulezi. Gome la mti uitwao msesewe hutiwa ili kuleta uchungu.

KUOTESHA KIMEA

Kimea ni nafaka iliyooteshwa kwa muda mfupi kisha ikakaushwa. Mbegu inapopata maji, kiinitete huamka na kuhitaji chakula. Kwa kuwa nacho hakiwezi kutumia wanga kama ulivyo, mbegu hutengeneza vitu viitwavyo vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini yenye kazi maalumu ya kuharakisha badiliko fulani la kikemia. Vile vinavyokata wanga huitwa amilasi. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walipata kutoka katika kimea cha shayiri kitu kilichoweza kugeuza wanga kuwa sukari, wakakiita diastasi. Hicho kilikuwa kimeng'enya cha kwanza kutengwa na wanasayansi. Bibi zetu walikuwa wakikitumia kwa karne nyingi bila kukipa jina.

Anayeanza afuate hatua zifuatazo, na aelewe sababu ya kila moja.

Kwanza, nafaka ichaguliwe. Iwe kavu, safi, isiyo na ukungu wala punje zilizobadilika rangi, tena iwe na uwezo wa kuota. Mbegu za dukani zilizotiwa dawa ya kuua wadudu au kuvu, ambazo mara nyingi hupakwa rangi, zisitumike kamwe, kwani dawa hiyo ni sumu kwa binadamu.

Pili, nafaka ioshwe na kulowekwa kwa muda wa saa 12 hadi 24, na maji yabadilishwe walau mara moja. Mbegu iliyo hai huvuta hewa, na maji yaliyokaa muda mrefu huishiwa na oksijeni na kuanza kunuka.

Tatu, nafaka ichujwe na kutandazwa mahali penye kivuli, kisha ifunikwe kwa gunia safi au majani ya mgomba. Inyunyiziwe maji kidogo na kugeuzwa kila siku, maana mbegu zinazoota hutoa joto, na rundo lisilogeuzwa hupata moto katikati na kuota ukungu. Baada ya siku 3 au 4 vijizizi na vichipukizi huonekana vizuri. Hapo yafaa kusimamisha kazi. Ikiachwa zaidi, mmea mchanga utaendelea kula ghala lake, na sukari itakayobaki kwa ajili ya pombe itapungua.

Nne, kimea kianikwe juani mpaka kikauke kabisa. Jua halikiharibu, kwa sababu vimeng'enya vikiwa vikavu huvumilia joto kuliko vikiwa ndani ya maji.

Tano, kimea kikisha kukauka kisuguliwe kwa mikono na kupepetwa ili vijizizi na vichipukizi vitoke. Kwa mtama hatua hii si ya urembo. Wafugaji wanajua kwamba ng'ombe wakila mtama mchanga wanaweza kufa; sababu ni kwamba chipukizi la mtama lina kitu kinachoweza kutoa sumu ya sianidi. Sehemu kubwa ya kitu hicho imo katika chipukizi na vijizizi, si katika punje. Kuviondoa hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Anayeanza atafanya vyema kutumia kimea cha ulezi, ambacho hakina shida hiyo.

UJI KWANZA, KIMEA BAADAYE

Wanga katika unga umefungwa ndani ya vichembe vigumu vilivyoshikamana. Vimeng'enya huvigusa vichembe hivyo kwa nje tu, na kazi yao huwa ndogo mno. Unga ukipikwa katika maji, vichembe hunywa maji, huvimba na kupasuka, na minyororo ya wanga hutoka nje. Hapo ndipo uji unapokuwa mzito. Kwa wanga wa mtama na wa mahindi, badiliko hilo huhitaji joto la nyuzi 70 za Sentigredi hivi au zaidi. Huu ndio moto unaofaa: bila huo ghala halifunguki.

Lakini kimeng'enya ni protini, na protini huharibiwa na joto. Ute wa yai ukiingia katika maji yanayochemka hugeuka mweupe na mgumu, na hakuna awezaye kuurudisha ulivyokuwa. Vimeng'enya vya kimea hufikwa na jambo kama hilo. Vile vinavyokata wanga hufanya kazi yao vizuri sana kwenye nyuzi 60 hadi 70 hivi, na katika uji unaochemka, kwenye nyuzi 90 na zaidi, huharibika kwa muda mfupi. Hilo ndilo lililompata binti yule. Alitia kimea mahali ambapo hakikuweza kuishi, na wanga ukakosa wa kuukata.

Basi mpikaji wa nafaka zetu anakabiliwa na tatizo lenye pande mbili. Joto linalofungua wanga limepita lile ambalo vimeng'enya hupenda. Dawa yake ni kutenganisha kazi hizo mbili kwa wakati: uji hupikwa kwanza hadi uive, kisha huachwa upoe, na hapo ndipo kimea kinapotiwa. Wapikaji wengi hupima kwa mkono, na uji ambao mkono unauvumilia kwa shida huwa na nyuzi 45 hadi 50 hivi. Katika joto hilo vimeng'enya hufanya kazi polepole kidogo, lakini viko salama. Mwenye kipimajoto anaweza kutia kimea uji ukifika nyuzi 60 na kuona badiliko upesi zaidi.

Yafaa kutambua kwamba vitabu vya Ulaya vya kutengeneza bia nyumbani havifundishi hatua ya kupika uji. Mpikaji wa huko huchanganya kimea cha shayiri kilichosagwa na maji ya nyuzi 65 hivi, basi. Hakukosea, kwa kuwa wanga wa shayiri hufunguka katika joto dogo kuliko wanga wa mtama na mahindi. Lakini mtu akiichukua kanuni hiyo na kuitumia kwa unga wa mahindi bila kuupika, atapata sukari kidogo tu. Desturi ya bibi ya kupika uji kwanza ni jibu sahihi kwa nafaka iliyopo nyumbani kwake.

Matokeo ya kimea huonekana kwa macho. Katika muda wa dakika 15 hadi 30 uji mzito hulegea na kumiminika kama maji, na baada ya saa kadhaa huwa mtamu. Katika miaka ya 1980 watafiti wa lishe nchini Tanzania walionyesha kwamba unga kidogo wa kimea huweza kuulegeza uji mzito wa mtoto bila kuongeza maji. Faida yake ni kubwa. Tumbo la mtoto ni dogo, na uji mwepesi wa kawaida umejaa maji. Uji uliolegezwa kwa kimea hubeba unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile. Uji huo huchemshwa tena kidogo baada ya kulegea, ili kuua vijidudu vilivyokuja na kimea.

WAPISHI WASIOONEKANA

Uji uliolegea na kuwa mtamu bado si pombe. Ukiachwa usiku mmoja mahali penye joto huanza kuwa na ukali. Wageni wa kwanza kuingia kazini ni bakteria wanaogeuza sukari kuwa asidi ya laktiki, asidi ileile ya maziwa ya mgando. Ukali huo si hasara. Bakteria wengi wanaoleta magonjwa ya tumbo hawastawi katika asidi, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya togwa kudumu kuliko uji wa kawaida. Anayetaka togwa huishia hapa.

Anayetaka pombe huchemsha tena mchanganyiko huo. Katika hatua hii moto una kazi nyingine: unawasimamisha bakteria ili ukali usizidi, na unaua vijidudu vilivyotoka katika kimea, maji na vyombo. Kisha chungu huachwa kipoe mpaka kiwe na nyuzi 25 hadi 30, yaani kiwe vuguvugu kidogo tu. Ndipo hutiwa chachu. Chachu hiyo yaweza kuwa mashapo ya pombe iliyotangulia, au kiasi kingine cha kimea kibichi, au hamira ya dukani. Anayetia chachu wakati chungu kingali cha moto hurudia kosa la binti yule kwa namna nyingine. Safari hii anaua hamira.

Hamira ni kuvu wa chembe moja. Kila chembe ina upana wa sehemu 5 hadi 10 za elfu za milimita, kwa hiyo haionekani bila hadubini. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliziona chembe hizo katika bia mwaka 1680, lakini hakujua kwamba zilikuwa hai. Katika karne ya 19 wanakemia mashuhuri walishikilia kwamba kuchachuka ni kuoza tu, kusikohitaji kiumbe hai. Mfaransa Louis Pasteur alipinga fikra hiyo kwa majaribio mengi, na mwaka 1876 alichapisha kitabu kizima kuhusu bia. Alionyesha kwamba bia iliyoharibika huwa na vijidudu vingine ambavyo havimo katika bia nzuri. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira, akakamua maji yake, na kuona kwamba maji hayo yasiyo na chembe hata moja iliyo hai yaliweza kuchachusha sukari. Kwa hiyo hata ndani ya hamira wafanyakazi wenyewe ni vimeng'enya. Buchner alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1907.

Ndani ya chungu hamira huzaana kwanza, na katika kipindi hicho hewa huisaidia. Ndiyo maana mchanganyiko hukorogwa vizuri wakati wa kutia chachu. Baadaye, oksijeni ikiisha, hamira huishi kwa kuvunja sukari na kutoa kileo, yaani ethanoli, pamoja na gesi ya kabonidayoksaidi. Povu na sauti ya kutokota bila moto ni gesi hiyo ikitoka. Baada ya siku moja au mbili pombe huchujwa. Pombe ya namna hii mara nyingi huwa na kileo cha asilimia 2 hadi 4, na bado ingali ikichachuka inaponywewa. Ikikaa zaidi ya siku chache na kupata hewa, bakteria wengine huigeuza ethanoli kuwa asidi ya siki.

HESABU YA CHUNGU KIMOJA

Badiliko la sukari kuwa kileo huandikwa hivi:

C6H12O6 → 2C2H5OH + 2CO2

Kwa uzito, gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za kabonidayoksaidi. Chukua chungu cha anayeanza chenye lita 5 za pombe, na kila lita iwe na gramu 30 za ethanoli. Jumla ya ethanoli ni gramu 150. Ili kuipata, hamira lazima ivunje glukosi gramu 293 hivi, na itatoa gramu 143 hivi za kabonidayoksaidi. Katika joto la kawaida la nyumba zetu, gesi hiyo hujaza nafasi ya lita 80 hivi, yaani mara 16 ya ujazo wa pombe yenyewe.

Hesabu hii ina mafunzo mawili. La kwanza ni la usalama: pombe inayochachuka isifungwe kamwe ndani ya chupa au dumu lisilo na tundu. Gesi isiyo na njia hupasua chombo, na vigae vya chupa vinaweza kupofusha jicho. Chungu kifunikwe kwa kitambaa safi au kifuniko kisichobana. La pili ni la uchumi wa nyumba: sukari ile ilikuwa chakula, na karibu nusu ya uzito wake imepotea hewani. Familia inayopika pombe katika mwaka wa njaa ijue inachofanya.

MOTO USICHOWEZA

Mpaka hapa moto umeonekana kuwa kinga: pombe imechemshwa, vijidudu vimekufa. Wengi huishia kuamini kwamba nafaka iliyoharibika itatakaswa na moto, na kwamba unga uliovunda usiofaa kwa ugali unafaa kwa pombe. Imani hiyo imeua watu.

Mwezi wa Januari mwaka 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu waliokunywa pombe ya unga wa mahindi baada ya mazishi walianza kuugua kwa wingi. Waliokufa walikuwa 75. Uvumi ulienea kwamba pombe ilikuwa imetiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha jambo jingine. Katika pombe iliyoshukiwa kulikuwa na sumu iitwayo asidi ya bongkreki, inayotengenezwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na haiharibiwi na kuchemshwa. Hakukuwa na haja ya mchawi wala mamba.

Hatari iliyo karibu zaidi na ghala zetu ni sumukuvu. Ukungu wa jamii ya Aspergillus ukiota juu ya mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa yakiwa mabichi, hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini inayoharibu ini. Mwaka 2004 nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika Tanzania ya kati pia. Moto wa jikoni huua ukungu, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa hubaki. Hili ndilo somo ambalo mkono wa bibi hauwezi kupima, na ambalo shule inapaswa kuliongeza juu ya maarifa yake: kijidudu ni kiumbe na hufa kwa moto, sumu si kiumbe, na nyingi hazifi.

Kwa hiyo nafaka au unga uliolowa, ulionyeshewa mvua au kuota ukungu utupwe, hata kama ni hasara. Vyombo navyo viangaliwe. Pombe ni kali kwa asidi, na asidi huyeyusha zinki ya ndoo na mapipa ya mabati. Pipa lililokuwa na mafuta ya taa, dawa ya mimea au kemikali yoyote lisitumike. Chungu cha udongo, sufuria ya chuma kisichoshika kutu, au ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula vinafaa.

JARIBIO LA DARASANI

Jaribio hili halitoi kileo, na linaweza kufanywa na wanafunzi wa kidato chochote.

Vifaa: unga wa mahindi gramu 100, maji nusu lita, unga wa kimea cha ulezi vijiko viwili vikubwa, makopo matatu yenye alama A, B na C, kipimajoto, na myeyusho wa iodini.

Utaratibu:

1. Pika uji mzito kwa unga na maji hayo, na uache uchemke kwa dakika 10. Ugawe sawasawa katika makopo matatu.

2. Changanya kijiko kimoja cha kimea na maji kidogo, uchemshe kwa dakika 10, kisha uweke kando.

3. Subiri uji ufike nyuzi 60. Katika kopo A tia kijiko cha kimea kibichi kilichochanganywa na maji kidogo. Katika kopo B tia kimea kilichochemshwa. Katika kopo C tia maji matupu ya kiasi kilekile.

4. Weka makopo yote ndani ya karai la maji ya moto ili yasipoe upesi. Kila baada ya dakika 5 inua kijiko cha uji kutoka kila kopo na utazame unavyomiminika.

5. Baada ya dakika 30 na tena baada ya saa 2, chukua tone kutoka kila kopo, liweke juu ya kigae cheupe na kulitia tone la iodini. Rangi ya buluu iliyokolea karibu na weusi inaonyesha kuwapo kwa wanga.

Uji wa kopo A utalegea, na rangi yake ya iodini itafifia au kugeuka kahawia kadiri minyororo ya wanga inavyokatwa. Uji wa makopo B na C utabaki mzito na wenye rangi ya buluu. Uji uliotumika katika jaribio usinywewe.

MASWALI

1. Eleza kwa nini kopo C ni la lazima katika jaribio hili, ingawa halitiwi kimea.

2. Mpikaji mmoja ametia kimea wakati unaofaa, na uji umekuwa mtamu, lakini siku mbili zimepita bila povu. Taja sababu mbili zinazoweza kuleta hali hiyo, na ueleze jinsi ya kuitambua sababu ya kweli.

3. Chungu kina lita 20 za pombe yenye gramu 25 za ethanoli katika kila lita. Tafuta uzito wa glukosi iliyovunjwa na uzito wa kabonidayoksaidi iliyotoka.

4. Jirani anasema: "Unga huu umeota ukungu, lakini nitauchemsha mara mbili, hautadhuru." Mjibu kwa heshima na kwa hoja za kisayansi.

5. Waulize wazee wawili wa mahali unapoishi hatua wanazofuata katika kutengeneza togwa au pombe. Kwa kila hatua, andika sababu wanayoitoa wao na sababu ya kisayansi. Panapokuwa na tofauti kati ya sababu hizo mbili, buni jaribio la kuamua.